Jinsi ya Kuendesha Lori la Matrela Mawili kwa Usalama: Mwongozo kwa Madereva wa Njia ya Malindi hadi Mokowe

Mwongozo huu umekusudiwa dereva ambaye tayari ana leseni ya daraja la CE, aliyekwisha kuzoea kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, na trela moja, na ambaye sasa amekabidhiwa gari la matrela mawili ili apeleke mzigo kutoka Mombasa au Malindi hadi Garsen, Witu na Mokowe. Hauwezi kuchukua nafasi ya mwalimu aliyeketi kando yako kwa wiki kadhaa, wala haukuandikwa kwa nia hiyo. Mengi yaliyomo nimeyapata kwa kuvuta chumvi ya Gongoni kwa miaka mingi. Mengine nimeyasoma katika vitabu vya mafunzo ya madereva wa Marekani, ambako matrela mawili, na katika baadhi ya majimbo hata matatu, ni jambo la kila siku. Huko Australia sheria huruhusu misafara ya matrela yenye urefu wa hadi mita 53.5 kwenye njia maalumu za bara, na bado madereva wake hufika salama, jambo linaloonyesha kwamba urefu peke yake si ajali. Ajali hutokana na dereva anayeendesha kichwa na kusahau mkia.

Mpwani yeyote aliyewahi kusafiri kwa jahazi linalokokota hori anajua jambo hili kabla hajafunzwa. Nahodha akigeuza usukani taratibu, hori hufuata kwa utulivu. Akiugeuza kwa ghafla, jahazi hujirekebisha haraka lakini hori hurushwa pembeni mbali kuliko jahazi lenyewe lilivyosogea. Matrela nayo huenda hivyo hivyo. Msukosuko mdogo wa usukani hukua unapopita katika kila kiungo, hata ukifika kwenye trela la mwisho huwa mkubwa kuliko ulivyoanzia mikononi mwako, mfano wa mjeledi ambao mpini wake husogea kidogo na ncha yake ikalia. Mwongozo wa Marekani unaeleza kwamba trela la mwisho katika gari la matrela matatu lina uwezekano wa kupinduka mara 3.5 zaidi ya gari la kawaida la ekseli tano, yaani mihimili mitano ya magurudumu. Kila hatua inayofuata hapa chini ina shabaha moja, nayo ni kulihudumia trela la mwisho, ambalo hulioni vizuri, hulisikii, na ambalo ndilo la mwisho kupokea upepo wa breki, yaani hewa iliyoshindiliwa inayoziendesha.

Fahamu kwanza unachokivuta

Si kila gari la matrela mawili linaungwa kwa namna moja, na tofauti hiyo ina maana kubwa barabarani. Katika aina ya kwanza, trela la mbele limerefushwa nyuma na kuwekewa sahani ya kuunganishia, na trela la pili hukalia sahani hiyo moja kwa moja, kwa hiyo gari zima lina viungo viwili tu na matrela hushikana yanapoyumba. Katika aina ya pili, trela la pili hukalia kigari kidogo chenye magurudumu, ambacho madereva hukiita doli, na doli hilo huvutwa kwa mkono wa chuma ulioshikwa na ndoano nyuma ya trela la kwanza. Aina hii ina viungo vitatu, na kile kiungo cha ndoano hakizuii trela la nyuma kulala upande wake lenyewe. Kwa maoni yangu, dereva mgeni akipewa nafasi ya kuchagua, achague aina ya kwanza bila kusita. Lori la kawaida linalovuta trela kwa mkono wa chuma, ambalo wengi wetu tulianzia maisha, lina tabia zinazokaribiana na aina ya pili, na aliyewahi kuliendesha vizuri atajikuta hana mengi ya kujifunza upya.

Hatua ya kwanza: mzigo na mizani

Kanuni ya kwanza ni kwamba trela zito hukaa mbele, nyuma tu ya kichwa, na trela jepesi hukaa mwisho. Kanuni hii haina msamaha. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na mazoea ya kupakia kwa kufuata foleni ya lango badala ya kufuata uzito, na siku moja nikapewa trela la mbele lenye makreti matupu na la nyuma lililojaa magunia ya chumvi hadi juu. Nilisema, nikaambiwa kwamba nikitaka kupanga upya nitalipia mwenyewe vibarua wa kushusha na kupakia. Nikakubali kuondoka, na kosa hilo ni langu kama lilivyo lao. Mbele kidogo ya Marereni mbuzi aliruka barabarani, nami nikakata usukani kidogo kumkwepa. Kichwa kilirudi kwenye njia yake, trela la kwanza likafuata, nikapumua nikidhani nimepona. Kisha kwenye kioo nikaona taa za ubavu mmoja za trela la pili zikiinuka kwenda juu, polepole, mfano wa mtu anayeinua mkono kuomba ruhusa. Lililala ubavuni na chumvi ikamwagika hadi mtaroni. Hakuna binadamu aliyeumia, na mbuzi hakupata hata mchubuko. Tangu siku hiyo, mzigo ukipangwa kinyume gari haliondoki nikiwa nimeshika usukani, na ningependa wewe uianze kazi hii ukiwa tayari na msimamo huo.

Panga mzigo chini na uutandaze sawasawa. Magunia yaliyorundikwa upande mmoja, au yaliyopangwa juu sana ili kuokoa nafasi, hupandisha uzito na kulifanya trela lipinduke kwenye kona ambayo gari lenye mzigo wa chini lingepita bila taabu. Mzigo wa maji au mafuta ambao haukujaza tangi huenda mbele na nyuma kila unapofunga breki, nao husukuma gari baada ya wewe kudhani kwamba limekwisha kusimama.

Kuhusu mizani, dereva asitegemee maneno ya aliyepakia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye mzigo, na ekseli zisizozidi 7. Ekseli ya usukani haipaswi kubeba zaidi ya tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, kundi la ekseli mbili tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24. Hapa ndipo wengi wanapopotea kihesabu. Chukua gari lenye ekseli moja ya usukani na makundi matatu ya ekseli mbili mbili: ukijumlisha 8 na 18 mara tatu unapata tani 62, na dereva anayepima kundi moja moja huona kila mahali pako sawa, kumbe gari zima limezidi kwa tani 6. Pima yote mawili, makundi na jumla. Mzigo mrefu au mzito kupita kiasi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Barabara Kuu, yaani KeNHA, na kibali hicho kiwe mkononi mwako kabla hujawasha injini, kisiwe ahadi ya simu.

Hatua ya pili: kuunganisha matrela

Chagua uwanja tambarare na mgumu, kwa kuwa mchanga wa pwani humeza miguu ya trela. Yapange matrela yawe katika mstari mmoja ulionyooka, kisha fuata utaratibu huu, ambao umeandikwa kwa gari lenye doli kwa sababu ndilo lenye mitego mingi.

Anza na trela la pili. Hakikisha breki zake zimefunga, na uweke kabari au magogo kwenye magurudumu yake. Trela lenye breki za springi hujifunga lenyewe linapokosa upepo. Matrela ya zamani yasiyo na springi hutegemea upepo uliobaki katika tangi lake, na upepo huo huvuja wakati wewe unakunywa chai. Trela la namna hiyo linaweza kuanza kutembea peke yake, kwa hiyo kabari si pambo.

Baada ya hapo unganisha kichwa na trela la kwanza, lile zito, kwa njia uliyoizoea. Livute doli hadi mbele ya trela la pili, ukilisukuma kwa mikono ikiwa umbali ni mfupi, au ukilifunga nyuma ya trela la kwanza ikiwa ni mrefu. Rudisha trela la kwanza hadi mkono wa doli uingie kwenye ndoano, funga ndoano, tia pini ya usalama, na uinue mguu wa doli na kuufunga juu.

Sasa tazama kimo cha trela la pili. Linapaswa kuwa chini kidogo ya katikati ya sahani ya doli, ili sahani inapoingia iliinue kidogo. Likiwa juu sana, pini yake ya kuunganishia, iliyo chini ya pua yake, itapita juu ya sahani bila kushikwa. Likiwa chini sana, doli litaligonga pua. Rudi nyuma polepole hadi usikie mlio wa taya za sahani zikifunga. Usiuamini mlio huo. Inua miguu ya trela kidogo tu kutoka ardhini, vuta mbele kwa upole huku breki za trela la pili zikiwa zimefunga, kisha shuka na tochi, ulale chini ya trela, uone kwa macho yako kwamba hakuna mwanya kati ya sahani na tumbo la trela, na kwamba taya zimeikumbatia pini. Utingo, ambaye wengine humwita tanboi, anaweza kufanya kazi nyingi kwa niaba yako, lakini kazi hii ya kulala chini ni yako, kwa kuwa trela likichomoka njiani atakayeulizwa ni wewe.

Funga minyororo ya usalama, mipira ya upepo na waya ya taa. Mpira mwekundu ndio unaojaza matangi ya trela na kuachia breki zake. Ule mwingine, wa manjano katika magari ya Ulaya na wa buluu katika yale ya Marekani, ndio unaopeleka amri ya mguu wako. Ukiibadilisha nafasi, trela lenye springi litakataa kuachia breki, na hiyo ni afadhali. Lile la zamani lisilo na springi litatembea vizuri sana, ila halitasimama.

Hatua ya tatu: koki, upepo na breki

Nyuma ya kila trela kuna koki mbili za kufungulia na kufungia upepo. Koki za nyuma ya trela la kwanza ziwe wazi, ili upepo upite kwenda la pili. Koki za nyuma ya trela la mwisho ziwe zimefungwa. Koki ya tangi la doli nayo ifungwe. Nimeona gari likitoka uwanjani na trela la pili halina tone la upepo wa breki kwa sababu koki moja ya trela la kwanza ilisahauliwa, na dereva hakujua kwa kuwa breki za mbele zilimtosha mpaka alipofika kwenye tuta la kwanza.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Jaza upepo, nenda nyuma kabisa ya gari, na ufungue kidogo koki ya mpira mwekundu ya trela la mwisho. Ukisikia upepo ukitoka kwa nguvu, ujue umefika mwisho, ifunge. Kisha utingo akanyage breki na akae ameikanyaga, nawe ufungue koki ya mpira wa pili na usikilize tena. Upepo usipotoka, kuna koki iliyofungwa au mpira uliobanwa mahali fulani katikati, na huondoki mpaka umepaona.

Zima injini, kanyaga breki kwa dakika moja na utazame mshale wa kipimo cha upepo. Kwa kichwa na trela, kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba upepo usishuke zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo, ratili kwa inchi ya mraba) katika dakika hiyo. Zunguka gari lote ukisikiliza. Baada ya hapo, washa, songa mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ujaribu breki za trela peke yake. Uone kwamba zinashika na kwamba hazivuti upande mmoja.

Matairi, nati na taa nadhani unavijua, kwa hiyo nitasema machache. Gonga kila tairi kwa chuma, pamoja na yale ya ndani, kwa maana katika matairi pacha lililopasuka hufichwa na mwenzake. Tazama kama kuna jiwe lililokwama kati ya mawili. Taa za nyuma na vipande vya kuakisi mwanga vya trela la mwisho vifutwe vumbi, kwa kuwa ndivyo pekee ambavyo dereva wa nyuma yako huviona usiku.

Hatua ya nne: barabarani

Umbali wa kuacha mbele yako hupimwa kwa sekunde. Hesabu sekunde 1 kwa kila mita 3 za urefu wa gari, na uongeze sekunde 1 mwendo unapozidi kilomita 65 kwa saa. Gari la mita 22 linahitaji sekunde 7, na kwa mwendo mkubwa sekunde 8. Tazama mkia wa gari lililo mbele unapopita mnazi au bango fulani, kisha hesabu polepole, elfu na moja, elfu na mbili, hadi pua yako ifike hapo. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde 8 ni karibu mita 178. Najua kwamba matatu zitaingia katika nafasi hiyo kabla hujamaliza kuhesabu; ziache ziingie, punguza mwendo, na uanze kuhesabu upya, hata kama utafanya hivyo mara ishirini kati ya Kilifi na Malindi. Kumbuka pia kwamba breki za upepo huchelewa: tangu unapokanyaga hadi zishike hupita karibu nusu sekunde, ambayo kwa mwendo huo ni mita 11 zaidi, na trela la mwisho ndilo huchelewa kuliko yote. Gari tupu nalo lisikudanganye. Lisipokuwa na mzigo, magurudumu hurukaruka na kufunga, na mara nyingi huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko likiwa limejaa.

Kilomita 80 kwa saa ndicho kikomo cha sheria kwa malori mazito nchini Kenya. Mimi na matrela mawili sizidi 65 kwenye lami nzuri, na 50 kukiwa na upepo wa ubavuni. Kwenye uwanda wa chumvi wa Gongoni na Kurawa hakuna miti ya kukinga, na kusi likivuma kwa nguvu za mwezi wa Julai, trela tupu la nyuma lenye turubai hugeuka tanga. Ukiona turubai likipigapiga kwenye kioo, punguza mwendo kabla trela halijaanza kuyumba. Si baada yake.

Usukani ushike kwa mikono miwili na uugeuze kidogo na mapema. Macho yako yaende mbali, kwa sababu mwendo wa utulivu hutokana na kuona kitu mapema. Katika njia hii mambo ya kuonwa mapema ni mengi. Baina ya Kilifi na Gede, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, watu hutoka vichochoroni na baiskeli zilizobeba makaa au maembe. Mjini Malindi tuktuk na bodaboda hupita ubavuni mwako upande usiotazamia, hasa unapopinda. Kuanzia Garsen, ng'ombe wa wafugaji huvuka kwa makundi, na kundi la ng'ombe halikwepwi. Unasimama kabisa, unazima honi, na unasubiri hadi mchungaji wa mwisho apite. Mnyama mmoja akikurukia ghafla, funga breki ukiwa umenyooka na ukae kwenye njia yako. Ni neno gumu kuliandika, lakini kumgonga mbuzi ni hasara ya mbuzi, na kumkwepa kwa matrela mawili kunaweza kuwa hasara ya watu waliosimama kando ya barabara. Mtu akiwa mbele yako ni jambo jingine, na dawa yake ni mwendo mdogo katika kila kijiji, kabla hajatokea.

Ukingo wa lami unastahili aya yake. Mahali pengi lami imelika na kuacha kingo yenye kimo cha kiganja, na magurudumu ya trela yakishuka hapo, mkono wa dereva hutaka kuyarudisha mara moja. Usiyarudishe. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha gari lipungue mwendo huku gurudumu moja likiwa mchangani, na upande tena pale ambapo kingo ni fupi. Anayevuta usukani kwa nguvu hupandisha kichwa kwanza, kichwa huruka kuelekea upande wa pili wa barabara, na trela la mwisho humalizia kazi.

Katika kona, magurudumu ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele, hukata ndani. Kila trela huongeza mkato wake. Pinda kwa upana, ukiingia ndani zaidi ya makutano kabla ya kugeuza, na utazame kioo cha ndani muda wote. Kwenye makutano ya Minjila, ambako njia ya Hola na Garissa hutengana na hii ya Lamu, na kwenye kila lango la ghala, mweke utingo chini awazuie bodaboda wasijipenyeze kati ya trela na ukingo. Punguza mwendo kabla ya kona. Ndani ya kona breki huwa tayari zimechelewa.

Kurudi nyuma na gari lenye doli hakufai kujaribiwa. Viungo vitatu hukunjana baada ya mita chache, na jitihada ya kuvinyosha huvunja mkono wa doli. Kwa hiyo kabla ya kuingia mahali popote, jiulize utatokea wapi. Hili lina uzito wa pekee Mokowe, kwa kuwa lori haliendi kisiwani Lamu; mzigo hushushwa bara na kuvushwa kwa vyombo, na ukiingia kwenye njia nyembamba ya kuelekea gati bila kujua pa kugeukia utalazimika kutenganisha matrela mbele za watu, kwenye jua, huku kila mpita njia akikupa ushauri. Piga simu kabla, uliza kuna uwanja wa kuzungukia au hakuna, na usipopata jibu la kuridhisha acha gari mahali pana, kisha utembee kwa miguu ukapaone.

Mvua ina hesabu yake. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara kati ya Kilifi na Malindi kwenye daraja la Mbogolo, na uwanda wa mto Tana kuelekea Lamu nao hufunikwa na maji katika misimu mibaya. Maji yanayotembea juu ya lami hayavukwi na matrela, hata kama lori lililotangulia limevuka, kwa sababu trela la mwisho, ambalo kwa kanuni yetu ndilo jepesi, ndilo husukumwa kwanza. Geuza mahali penye nafasi mapema, au lala Malindi.

Kuhusu usingizi, sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Usafiri wa usiku kati ya Garsen na Lamu umewahi kuzuiwa kwa sababu za usalama, na kuna vizuizi vya polisi ambavyo hula muda, kwa hiyo panga kuondoka Malindi alfajiri. Simama Garsen, hata kama huna njaa. Zunguka gari, pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Kinachotoa joto kuliko wenzake kina breki iliyokwama au beringi inayokufa.

Hatua ya tano: mambo yakiharibika

Trela la nyuma likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, na usifunge breki kwa nguvu. Usijaribu kulifukuza kwa usukani, kwa kuwa mkono wako utakuwa umechelewa kwa nusu yumbo na utaliongezea nguvu. Trela likiteleza na kuanza kujikunja kwa sababu magurudumu yake yamefunga, achia breki ili magurudumu yazunguke tena. Wapo madereva wanaofundisha kwamba uvute breki ya mkono ya trela ili kulinyosha. Wanakosea, maana breki za trela ndizo zilizoleta mtelezo huo.

Tairi la mbele likipasuka, shika usukani kwa nguvu na uiache breki mpaka gari lipungue lenyewe. Ukisimama, weka pembetatu za onyo mbali zaidi ya ulivyozoea, kwa sababu gari lako ni refu na mkia wake mara nyingi hubaki barabarani. Utingo atembee hatua mia moja nyuma ya trela la mwisho, si nyuma ya kichwa. Matawi ya miti yanayowekwa lamini nayo yaondolewe mkishamaliza.

Hatua ya sita: kutenganisha

Simama katika mstari ulionyooka, mahali pagumu, na ufunge breki. Weka kabari kwenye trela la pili kama halina springi. Shusha miguu yake hadi iondoe sehemu ya uzito kwenye doli. Funga koki za nyuma ya trela la kwanza na zile za doli, kisha uondoe mipira na waya na uifunge vizuri isiburute. Achia breki za doli, fungua taya za sahani, na uvute mbele polepole mpaka doli litoke chini ya trela.

Doli likiwa bado chini ya trela la pili, usifungue ndoano kwa hali yoyote. Uzito wa trela juu ya sahani unaweza kuurusha mkono wa doli juu kwa nguvu ya kumvunja mtu taya, na hata usipomgonga yeyote, kuunganisha tena kutakuwa shida. Doli likishatoka, shusha mguu wake, weka kabari kwenye magurudumu yake, ondoa minyororo, ndipo ufungue ndoano na kusogeza kichwa mbele taratibu. Kisha chukua chaki na uandike kwenye uso wa trela kasoro ulizoziona njiani, tairi lipi linavuja na koki ipi ni ngumu, kwa sababu atakayelichukua kesho alfajiri huenda asiwe wewe.